Kobe Getini

Tuna msemo: ukiona kobe kainama, ujue anatunga sheria. Nimeusikia kwenye daladala, kwenye vikao vya harusi, na kwa walimu waliokuwa wanatuonya tusimdharau mwenzetu mkimya wa dawati la nyuma. Kobe wa msemo huu ametulia, kichwa chini, anawaza mambo makubwa. Yupo na kobe wa pili, yule wa ngano, anayekwenda polepole mpaka anampita sungura aliyelala. Huyo anatembea, lakini anafika.

Halafu kuna kobe wa tatu ambaye sijawahi kusikia msemo wake. Anatembea kutoka kona hii ya ua mpaka kona ile, akifika anageuka, anarudi, anageuka tena. Kutwa nzima. Wiki nzima. Hafiki popote na haachi. Huyu anatunga nini?

Nauliza kwa sababu nyumbani kwetu tulikuwa naye.

Baba alimleta mwaka 2003, ndani ya boksi la mafuta ya kupikia, akitokea safari ya kikazi Dodoma. Alisema kapewa na rafiki. Alikuwa kobe wa nyikani, wale wenye gamba la rangi ya mchanga na madoa meusi kama ya chui, ukubwa wake kama sufuria ya wali wa watu sita. Tulikuwa tunakaa Tabata, Dar es Salaam, na ua wetu ulikuwa wa mchanga na majani, na mwembe mmoja kwenye kona. Tulimwita Mzee, kwa sababu shingo yake ilikuwa na makunyanzi na alikuwa anatembea kama mstaafu anayekwenda kufuatilia mafao. Hakuna aliyemgeuza kumwangalia kama ni dume au jike. Jina lilishajibu swali ambalo hatukuliuliza.

Kwa miaka miwili Mzee hakumsumbua mtu. Alikula majani, alikula maganda ya papai tuliyomtupia, akalala chini ya mwembe. Mwaka 2005, baada ya masika kutujazia tope mpaka sebuleni, baba akaamua kumwaga zege ua mzima, kutoka mlango wa jiko mpaka getini. Ukawa ua wa kisasa. Majirani walikuja kuuona.

Miezi kadhaa baadaye Mzee akaanza kutembea. Alianzia kwenye tangi la maji, akafuata ukuta, akafika getini. Geti letu lilikuwa la nondo, unaona barabara yote ya mtaani. Pale alisukuma kichwa katikati ya nondo, gamba likakwama, akarudi nyuma, akasukuma tena. Ko, ko, ko. Kisha anafuata ukuta kurudi kwenye tangi, na safari inaanza upya. Mama alishindwa kupata usingizi wa mchana.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Baba alisema ana njaa, tukamwongezea mchicha, akaupita kama haupo. Mama alisema kachanganyikiwa na uzee. Kaka yangu alisema anataka kutoroka, na alilisema kwa heshima fulani, maana naye alikuwa na miaka kumi na saba. Jirani wa upande wa pili alicheka mpaka akashika tumbo, akasema: "Huyo mzee wenu anatafuta mke."

Mtu mmoja tu alisema jambo tofauti. Tulikuwa na dada wa kazi, msichana wa miaka kumi na tisa hivi, kutoka vijijini huko Singida. Siku moja anafua, akamtazama Mzee anapita, akasema bila kuinua sauti: "Huyu jike. Mkia wake mfupi. Anatafuta udongo." Tukacheka. Sisi tuliosoma shule za mjini tukamcheka mtu aliyekua na kobe porini, akiwaona wanavyofukua ardhi kwa miguu ya nyuma.

Baba alikuja na dawa. Alinunua kipande cha bati, akalikata, akalifunga kwa waya sehemu ya chini ya geti, kimo cha magoti. Kobe sasa hakuweza kuona barabara. Siku ya kwanza aligonga bati. Siku ya pili akagonga kidogo. Siku ya tatu ua ukawa kimya, mama akalala usingizi wake wa mchana, na tukampongeza baba kwa akili.

Wiki tatu baadaye tulikuta mayai saba pembeni ya karo la kufulia. Meupe, ya mviringo kabisa, kama mipira ya tenisi ya mezani. Yalikuwa yametagwa juu ya zege tupu. Manne yalikuwa yamepasuka, na sisimizi walishafika.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwandishi wa habari mwenye mazoea ya kufuatilia mambo yasiyo na haraka, nilikwenda kusoma kwa nini kobe wanaofugwa huenda na kurudi namna ile. Nilitegemea kupata sababu moja. Nikakuta ni nyingi, na karibu zote zinaanzia nje ya kobe mwenyewe.

Kobe mgeni hutembea kandokando ya mipaka kwa siku au wiki kadhaa, anapima mahali alipoletwa. Huyo yuko sawa, mwache. Kobe ambaye hana kivuli hutembea kwa sababu joto la mwili wake linategemea joto la nje, na asiposogea anaungua. Kobe dume akimwona mwenzake ng'ambo ya uzio, au akiona taswira yake mwenyewe kwenye kioo, anaweza kushinda hapo akitafuta ugomvi. Wale wanaofugwa kwenye masanduku ya vioo, kama inavyofanyika sana Ulaya na Marekani, wana shida ya peke yake: kioo kwao hakieleweki. Macho yanasema njia ipo, mwili unasema haipo, na kobe anaendelea kuuliza. Wapo wanaotembea kwa njaa, na wapo wanaotembea kwa kuwa nafasi ni ndogo mno. Na yupo jike mwenye mayai, ambaye anaacha kula, anakwenda na kurudi, anakwangua chini kwa miguu ya nyuma hapa na pale akitafuta ardhi laini. Asipoipata huweza kuyazuia mayai tumboni mpaka yakamuua, au akayaangusha popote. Na si lazima awe na dume karibu. Kobe jike huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miaka, na huweza pia kutaga mayai yasiyo na kitu.

Dada alikuwa sahihi kwa kila neno, hata kwa mkia. Dume huwa na mkia mrefu na mnene zaidi, na gamba lake la tumbo kwa kawaida limebonyea kwa ndani. Tungemgeuza mara moja tu tungejua.

Nilipata faraja ya ajabu kugundua kwamba hatukuwa wa kwanza kukosea hivi. Uingereza, katika kijiji cha Selborne, aliishi kasisi aitwaye Gilbert White, mmoja wa watazamaji makini wa viumbe waliopata kuandika. Kitabu chake kuhusu mazingira ya kijiji hicho kilitoka mwaka 1789 na kinasomwa mpaka leo. Alikuwa na kobe aliyemrithi kwa shangazi yake mwaka 1780, jina lake Timothy. White aliandika habari za Timothy kwa miaka: anaamka lini baada ya baridi, anakula nini, anaogopaje mvua. Aliona pia kwamba kuna majira ambapo kobe huyu anaamka mapema, ananyanyuka kwenye ncha za miguu na kuzunguka bustani bila kutulia. Mwaka 1784 Timothy alitoroka, akapotea zaidi ya wiki moja kabla ya kupatikana shambani.

White alijiuliza sababu, na jibu alilolitoa ni lile lile la jirani yetu wa Tabata: mapenzi. Bwana Timothy amezidiwa na matamanio, amesahau heshima zake za kila siku. White alifariki mwaka 1793, kobe akamfuata mwaka uliofuata, na gamba lake likahifadhiwa, sasa liko kwenye makumbusho ya viumbe jijini London. Waliokuja kulichunguza waligundua kwamba Timothy alikuwa jike.

Sasa, siwezi kuapa kwamba Timothy alikuwa anatafuta mahali pa kutaga. Ninachoweza kusema ni kwamba mtu mwenye macho makali kuliko yangu alimtazama kiumbe mmoja kwa zaidi ya miaka kumi, akaandika kila alichokiona, na bado akajaza pengo la asichokijua kwa hadithi iliyokuwa karibu na mkono. Hadithi ya mwanamume na tamaa zake. Kuona aliona vizuri. Alikosea pale alipoamini kwamba ameshaelewa.

Mwanafalsafa Thomas Nagel aliandika makala maarufu mwaka 1974 akiuliza kuwa popo ni kuwaje. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba unaweza kujua kila kitu kuhusu mwili wa popo, mabawa yake, masikio yake, anavyosikiliza mwangwi, na bado usijue ulimwengu unavyokuwa kwa popo mwenyewe, kutokea ndani. Wengi wanaisoma makala hiyo na kutoka na ruhusa ya kupumzika: kama hatuwezi kujua, basi tusijisumbue. Usilolijua ni usiku wa giza, tunasema, tunafunga mlango tunalala.

Mimi naona kuna ngazi mbili hapa ambazo tunazichanganya. Kujua kobe anajisikiaje ni jambo moja, na huenda hatutalifikia. Kujua kobe anakosa nini ni jambo lingine kabisa, na hilo linaweza kuulizwa. Unauliza kwa udongo. Unauliza kwa kivuli, kwa chakula, kwa kumwondolea mwenzake machoni, kwa kumpanulia nafasi. Unabadilisha kitu kimoja mahali alipo, kisha unatazama miguu yake. Kama mwendo unabadilika kufuatana na anachokikuta, umejibiwa. Kama anapita kila kitu unachompa na kurudi kwenye njia yake ile ile, nalo ni jibu, linasema bado hujagusa penyewe. Mchicha wa baba lilikuwa swali zuri. Tatizo letu ni kwamba tuliuliza mara moja tu, tukachoka.

Wala tusidhani kwamba tunamuuliza jiwe. Katika Chuo Kikuu cha York, Uingereza, Anna Wilkinson na wenzake walimweka kobe mmoja aitwaye Moses kwenye mtandao wa njia nane, kila njia ikiwa na chakula mwishoni. Mwaka 2007 walichapisha matokeo: kobe aliweza kuepuka kurudi kwenye njia alizokwisha kula, kwa kiwango ambacho bahati peke yake haielezi. Kiumbe wa namna hiyo anakumbuka mahali. Kwa hiyo sikubaliani tena na maelezo ya mama yangu kwamba Mzee alikuwa anarudi getini kwa sababu amesahau kuwa amekwisha kufika. Yamkini alikuwa anarudi kwa sababu kila kona nyingine alikwisha kuikagua.

Linabaki bati.

Hili ndilo lililonifanya niandike, maana dawa ya baba si ya ujinga. Wafugaji wenye uzoefu wanaishauri kila siku: funika sehemu ya chini ya kioo kwa karatasi au ubao, ili kobe asione nje, na ataacha kugongagonga. Mara nyingi ni kweli, anaacha. Na mara nyingi ni huruma ya kweli, kwa sababu kizuizi kisichoonekana kinamtesa kiumbe ambaye hawezi kukielewa. Ukuta unaoonekana ni ukweli anaoweza kuishi nao, na kioo ni uongo unaorudiwa kila dakika.

Lakini bati lina sifa moja ya hatari. Linaponya dalili inayotuumiza sisi. Kelele ikikoma, hatuna tena sababu ya kuuliza. Getini kwetu bati halikumpa Mzee chochote alichokuwa anakitafuta, lilimwondolea tu mahali pa kukitafutia, nasi likatupa usingizi wa mchana. Tukauita utulivu wake furaha.

Watafiti wa wanyama wanaofungiwa wameliona hili kwa njia yao. Mwaka 2003 Ros Clubb na Georgia Mason walionyesha, katika jarida la Nature, kwamba miongoni mwa wanyama walao nyama wanaofungiwa, wale ambao porini huzunguka maeneo makubwa, kama dubu wa barafu, ndio wanaoteseka zaidi kwa kwenda na kurudi. Hilo halishangazi. Lililonishangaza mimi ni la mwaka uliofuata, ambapo Mason na mwenzake walipitia tafiti nyingi juu ya mienendo ya kujirudia wakakuta jambo lenye sura mbili. Mahali panapozalisha mienendo hiyo kwa kawaida ni mahali pabaya. Lakini ndani ya mahali hapo hapo pabaya, yule anayezunguka mara nyingi ana nafuu kuliko mwenzake aliyelala kimya. Tafiti hizo hazikuwahusu kobe, na sitaki kuzivuta kuliko zinavyokwenda. Ila zimenivunjia imani moja: kwamba aliyenyamaza ndiye aliyeridhika. Anaweza kuwa ameridhika. Anaweza pia kuwa amekata tamaa, na kwa nje hali hizo mbili zinafanana sana.

Najua kuna msomaji anayesema moyoni: watu wana shida zao, wewe unatuletea falsafa ya kobe. Ni haki yake kusema. Nami ndiyo maana nimechelewa kusema habari zote za mwaka ule.

Dada alikuwa na tabia ya kusimama getini. Jioni, akimaliza vyombo, alisogea pale akashika nondo na kutazama barabara. Dakika kumi, robo saa. Akirudi jikoni anarudi tena. Hakuwa na ufunguo, na hakuruhusiwa kutoka isipokuwa Jumapili, kwenda kanisani na kurudi. Tulikuwa tunamwona sote. Na kama ilivyokuwa kwa Mzee, kila mtu alikuwa na maelezo, na maelezo yaliyoshinda yalikuwa yale yale. "Anatafuta mabwana huyu," alisema mama. Siku moja alionekana anaongea na mwanamume kupitia nondo. Hakuulizwa ni nani. Au tuseme aliulizwa kwa namna ambayo haikuwa inataka jibu. Asubuhi iliyofuata alipewa hela yake ya mwezi na nauli, akaondoka. Hiyo ilikuwa siku chache baada ya kusema kwamba Mzee ni jike, na kabla baba hajafunga bati.

Mwezi mmoja baadaye yule mwanamume alirudi. Alikuwa kondakta wa basi la Singida. Alikuwa na mfuko wa karanga na mlenda mkavu, na habari kwamba mtoto amepona. Mtoto gani, aliuliza mama. Kondakta akamtazama kama mtu anayejiuliza kama amekosea nyumba. Mtoto wake, akasema, yule aliyemwacha kwa bibi yake, si alikuwa anaumwa. Dada hakuwa na simu. Kondakta ndiye aliyekuwa simu yake, na basi lilikuwa linaingia Dar jioni.

Mama alipokea mfuko kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Mlenda ule ulikaa kabatini mpaka ukaharibika. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuupika wala wa kuutupa.

Simfananishi dada na kobe. Dada alikuwa na mdomo na lugha, na lugha hiyo tulikuwa tunaijua. Hiyo ndiyo inayofanya kosa letu kwake kuwa kubwa zaidi. Ninachofananisha ni sisi. Macho yaliyomtazama Mzee ndiyo yaliyomtazama dada, yakatoa hukumu ile ile, kwa sababu ile ile: ilikuwa rahisi. Ukisema anayehangaika ana tamaa, au ana uzee, au kachanganyikiwa, shida inakuwa yake. Wewe na geti lako mnabaki safi. Hakuna kati yetu aliyeuliza geti lenyewe linazuia nini.

Lipo na swali la nyuma zaidi, la jinsi kiumbe anavyofika getini. Leo najua kwamba baba hakupaswa kuwa na kobe yule. Wanyamapori Tanzania wanalindwa kwa sheria, ya sasa ni Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009, na kuwafuga bila kibali ni kosa. Nilikuwa naona sheria za namna hii kama usumbufu wa maofisa, mpaka nilipofuatilia historia ya kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, pale Zanzibar. Wanne waliletwa mwaka 1919 kama zawadi kutoka Shelisheli. Kufikia mwaka 1955 walikuwa wameongezeka wakawa kama 200. Mwaka 1996 walikuwa wamebaki saba. Waliibwa mmoja mmoja, wengine wakaliwa, wengine wakauzwa kwa watu waliotaka kuwafuga, yaani kwa watu waliowapenda. Kobe wa mawe wa Kenya na Tanzania, yule bapa anayejificha kwenye nyufa za miamba, biashara hiyo hiyo ilimfikisha pabaya, mpaka mwaka 2019 akapandishwa kwenye orodha ya juu kabisa ya mkataba wa kimataifa unaokataza biashara ya viumbe walio hatarini. Huyu kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa mara. Ukimchukua mmoja, pengo haliwahi kuzibika.

Baba alimpenda Mzee. Nalisema hilo bila kejeli. Baada ya mayai alikaa kimya siku nzima, halafu Jumamosi akachukua nyundo kubwa na tindo akavunja zege chini ya mwembe, eneo kama la kitanda cha futi sita kwa sita. Akamwaga mchanga na udongo mwekundu. Msimu uliofuata, Mzee alipoanza tena kutembea, alipita getini mara mbili tatu, kisha akaenda kwenye ule udongo, akageuza mgongo, akaanza kufukua kwa miguu ya nyuma, polepole, mguu mmoja baada ya mwingine. Baba alitoa kiti akakaa mbali akimtazama mpaka giza likaingia. Bati hakulitoa. Nilipomuuliza alisema tumeshalizoea.

Miaka michache baadaye maofisa wa wanyamapori walikuja kumchukua, baada ya baba mwenyewe kwenda kutoa taarifa. Hatukumtafuta dada. Tulisema hatujui kijiji chake, na ilikuwa kweli, lakini kondakta alikuwa anakijua, na stendi ya mabasi haikuwa mbali.

Sasa nina nyumba yangu, yaani ya kupanga, yenye ukuta na geti. Geti langu ni la bati zito kutoka juu mpaka chini, huoni mtaa kabisa. Nina mtoto mdogo na kazi isiyo na saa, kwa hiyo nina dada wa kazi. Mwezi uliopita niliona kwamba jioni anasogea getini, anasimama karibu na kijitundu cha komeo, anarudi jikoni, anasogea tena. Nilihisi shingo ikipata baridi.

Nikamuuliza. Nilijitahidi kuuliza vizuri, nikiwa nimekaa, sauti ya kawaida. "Dada, kuna mtu unamsubiri? Kuna shida nyumbani?"

"Hapana," akasema. "Napunga upepo tu."

Huenda ni kweli. Si kila anayetembea ana msiba, hilo nalo nimelisema hapo juu kwa habari ya kobe mgeni. Huenda pia si kweli, na sina namna ya kujua, kwa sababu anayemuuliza ndiye anayemlipa mshahara, na mtu hawezi kumwambia ukweli wote yule aliyeshika ufunguo. Nilikaa na jibu lake siku mbili. Nikaona kwamba nilikuwa namdai maelezo ili nimpe ruhusa, wakati ningeweza kufanya kama baba alivyofanya kwa nyundo, nibadilishe mahali kwanza, nione.

Nikaenda kwa fundi wa funguo pale stendi, nikachonga wa pili, nikampa. Nikamwambia saa ya jioni akimaliza kazi ni yake, haina haja ya kuniaga. Akaupokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, akautundika kwenye msumari jikoni, juu ya jiko.

Wiki ya kwanza ufunguo ulikuwa hapo hapo kila nilipoangalia. Nikaanza kuwaza kwamba nimejitungia hadithi nyingine tena. Jumanne ya wiki ya pili nilirudi kazini saa moja kasoro, nikaingia jikoni kunywa maji. Msumari ulikuwa mtupu. Mtoto alikuwa kwa jirani, akicheza, kama walivyopatana. Sikujua dada amekwenda wapi. Nikakaa chini nikasubiri, na aliporudi sikumuuliza.